Pikipiki kuukuu ya safari ndefu kwa bei ya kutupa: uichukue au uiache?

Tangazo linavutia. Honda Gold Wing ya 1986, kilometa 90,000, masanduku matatu, kioo kikubwa cha upepo, redio, siti ya abiria pana kama kochi. Bei yake haifiki hata ya pikipiki ndogo mpya. Chini kabisa kuna maneno manne: "Inahitaji marekebisho madogo tu."

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kuliona tangazo la namna hiyo na ameshaanza kujiona barabarani. Zinazozungumzwa ni pikipiki kubwa zilizoundwa kwenda mbali na mzigo na abiria: Gold Wing kuanzia GL1000 iliyotoka 1974 hadi GL1500 ya silinda 6 iliyoanza 1988, Honda ST1100 ya 1990, Kawasaki GTR1000 ya 1986, BMW za herufi RT na LT, Yamaha FJR1300 ya 2001, na nyingine za ukoo huo. Zilipokuwa mpya zilikuwa za watu wenye hela zao. Miaka imeshusha bei ya pikipiki, lakini bei ya spea haikushuka nayo, na saa za fundi zimezidi kupanda. Kwa hiyo unaweza kuinunua kwa bei ya mnyonge na bado ukaitunza kwa bei ya tajiri. Ushauri wote ulio hapa chini unatokana na hilo.

Hatua ya 1: Amua kama unanunua safari au unanunua kazi

Yupo mtu ambaye raha yake ni kufungua injini jioni, mikono imejaa grisi, vipande vimepangwa juu ya gazeti. Huyo anaweza kununua karibu chochote, mradi bei iwe ndogo na hati ziwe safi. Yupo mwingine anayetaka kuondoka mwezi ujao. Huyo anunue pikipiki inayotembea leo, hata kama bei yake ni mara mbili ya ile iliyolala. Wanaoumia ni wa katikati, wale wanaonunua mkweche wa kufufua huku moyoni wakijiambia ni wa kusafiria. Msimu unapita, pikipiki iko juu ya jeki, hela imekwenda, na safari haijaanza.

Jipime pia na uzito, kwa mwili wako na si kwa kusoma karatasi. GL1500 na BMW K1200LT zinapita kilo 350 zikiwa na petroli, na ST1100 inapita 300. Zikishika mwendo huwezi kuuhisi uzito huo. Unauhisi ukiwa umesimama kwenye kokoto, mteremko kidogo, mguu mmoja umekosa pa kukanyaga. Unapokwenda kuiona, iinue kutoka kwenye stendi ya pembeni, isukume kinyumenyume mita chache injini ikiwa imezimwa, kisha ipandishe kwenye stendi ya kati. Mwenye pikipiki asimame upande wa pili. Kama mambo hayo matatu yamekushinda mahali pakavu tena tambarare, tafuta nyepesi zaidi. Gia ya kurudi nyuma ya GL1500, ambayo inazungushwa na mota ya stata, inasaidia sana kwenye maegesho, ila haitakusaidia kuiinua ikilala.

Hatua ya 2: Jua ugonjwa wa modeli kabla ya kumjua muuzaji

Kila modeli ya zamani ina ugonjwa wake unaojulikana, na hii ndiyo faida kubwa ya kununua kitu cha zamani: waliotangulia wameshaharibikiwa kwa niaba yako. Tumia jioni nzima kusoma kuhusu modeli moja, mwaka mmoja. Swali la kuuliza si kifaa kipi huharibika tu, ila pia ni kazi gani kukifikia. Mara nyingi spea yenyewe ina bei ya kawaida. Kinachomaliza mfuko ni yale yote yanayofunguliwa mpaka uione.

Mfano mzuri ni koili ya chaji ya Gold Wing za silinda 4, yaani GL1000, GL1100 na GL1200. Imewekwa nyuma ya injini, ndani. Ikiungua, injini lazima itoke kwenye fremu. Kwenye GL1500 Honda waliweka altaneta (mashine inayozalisha umeme) ya nje inayofunguka bila kushusha injini. Pikipiki mbili za jina moja zinaweza kuwa na dalili ileile ya betri kutochajiwa, kumbe moja ni kazi ya asubuhi na nyingine ni kazi ya wiki. Kwenye GL1200 tafuta soketi ya nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye koili hiyo. Ukikuta plastiki yake imekuwa kahawia na imelegea kama iliyopikwa, umeme umekuwa ukipita kwenye mguso mbaya kwa muda mrefu. Ukikuta soketi imeondolewa na nyaya zimeunganishwa kwa risasi na kufunikwa vizuri, mwenye nayo alijua anachofanya.

Gold Wing hizo zote hadi GL1500, pamoja na ST1100, hutumia mikanda ya taimingi ya mpira. Mkanda ukikatika, valvu zinakutana na pistoni na injini imekwisha. Muuzaji akisema "sijui ilibadilishwa lini", wewe andika kwamba haijawahi kubadilishwa, kwa sababu mpira huzeeka hata ukikaa kimya. ST1100 za mwanzo zina altaneta ya ampea 28, iliyo dhaifu kwa mtu anayeongeza taa na nguo za kupasha joto. Za baadaye zilipewa ya ampea 40.

GTR1000 ina injini ngumu, lakini ina hila moja. Koki ya tangi ikichoka na sindano za kabureta zisipofunga, petroli huvuja polepole hadi ndani ya silinda pikipiki ikiwa imeegeshwa. Mtu anakuja asubuhi, anabonyeza stata, pistoni inapanda na kukutana na petroli ambayo haibanwi kama hewa, na konrodi, chuma kinachoshika pistoni, inapinda. Nusa oili kwenye kifuniko chake: ikinuka petroli, usiiwashe, na mwombe muuzaji naye asiiwashe.

BMW za K75 na K100 zinataka meno ya shafti inayoingia kwenye gia yapakwe grisi kila baada ya muda, na kuyafikia ni kushusha boksi la gia. Waliopuuza huishia na meno yaliyolika. R1150RT za kuanzia 2001 zina breki zenye mota ya kuongeza nguvu. Zisikilize zikivuma unapobana breki swichi ikiwa imewashwa, na uulize bei ya boksi lake la ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapobana breki) kabla ya kutaja bei ya pikipiki. Kwenye K1200LT chunguza gia ya gurudumu la nyuma, na uulize kama oili imewahi kuvuja kuelekea kwenye klachi, ambayo ni kavu na haipendi kulowana. FJR1300 za miaka ya mwanzo zilikuwa na baadhi zilizogonga kwenye valvu. Sikiliza mlio wa juu ya injini ikiwa moto.

Hatua ya 3: Piga simu, uliza, nyamaza

Swali la kwanza: iliendeshwa lini mara ya mwisho? Usiulize iliwashwa lini. Kuwasha dakika tano kila mwezi ndani ya banda hakusaidii kitu. Kunaacha unyevu ndani ya oili na ekzosi. Pikipiki ya kilometa 150,000 iliyotembea mpaka wiki jana ninaiamini kuliko ya kilometa 30,000 iliyolala miaka minane. Injini hizi zimeundwa kula barabara, na nyingi huvuka kilometa 200,000 zikitunzwa. Kinachoziua ni kusahauliwa.

Uliza kitu gani hakifanyi kazi. Uliza funguo ziko ngapi na kama ufunguo mmoja unafungua swichi, tangi na masanduku yote. Uliza kama jina kwenye hati ni lake. Ukishauliza, nyamaza umwache ajaze ukimya mwenyewe.

Yapo maneno ambayo ukiyasikia unapaswa kuyatafsiri papo hapo. "Ni kabureta tu, isafishwe." Kama ni kabureta tu, mbona hakuisafisha akaiuza kwa bei kubwa? "Nimenunua spea zote, bado kufunga." Kuna sababu hazikufungwa, na huenda aliyezinunua alikadiria ugonjwa kwa kubahatisha. "Betri tu imekufa." Betri hufa kwa uzee, na hufa kwa kutochajiwa, kwa simu huwezi kujua ni kipi. Hakuna ulazima wa kumwona muuzaji ni mwongo. Wengi wanaamini wanachokisema, ndiyo maana pikipiki bado iko bandani kwao.

Mwisho wa simu, mwombe jambo moja: asiiwashe kabla hujafika.

Hatua ya 4: Iwashe ikiwa baridi

Ukifika, kabla ya salamu kuwa ndefu, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto wakati ulimwomba asiiwashe, amekuambia jambo muhimu bila kufungua mdomo. Huenda haiwaki kirahisi ikiwa baridi, au kuna moshi wa dakika za kwanza ambao hakutaka uuone. Unaweza kumwambia utarudi kesho asubuhi. Asiyekuwa na cha kuficha atakubali.

Ikiwa baridi, angalia kwanza vimiminika. Oili kwenye kioo cha pembeni isiwe na rangi ya maziwa. Hiyo ni dalili ya maji. Fungua kifuniko cha rejeta: maji yawe na rangi safi, bila kutu wala utando wa mafuta. Tazama chini ya pampu ya maji, pale penye tundu dogo la kutolea uvujaji. Ukikuta michirizi ya chumvi iliyokauka, sili ya pampu imeanza kuachia.

Sasa iwashe. Yenye kabureta itahitaji choki, na hiyo si kasoro. Simama nyuma uangalie ekzosi, umwache yeye ashike mafuta. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ukitoka kidogo wakati wa kuwasha kisha ukaisha, unavumilika; ukiendelea injini ikiwa moto, au ukitoka kila anapoachia mafuta, injini inakula oili. Moshi mweusi ni petroli nyingi mno. Mvuke mweupe wa asubuhi ya baridi ni kawaida, ila moshi mzito mweupe usiokwisha, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Gusa kila bomba la ekzosi kwa tone la maji: bomba lisiloyakausha haraka kama wenzake, silinda yake haifanyi kazi.

Usiizime. Iache ingurume mpaka ipate moto kabisa na feni ya rejeta iwashe yenyewe. Hapa ndipo wauzaji wengi hukosa subira, na hapa ndipo unapoona kama inachemsha, kama mlio unabadilika, kama kuna kitu kinaanza kudondoka chini. Feni isipowaka wakati mshale wa joto unapanda kuelekea alama nyekundu, izime na uandike.

Hatua ya 5: Pima umeme kwa mita, usikisie

Nenda na mita ya kupimia umeme. Ni kifaa cha bei ndogo, na kwenye pikipiki ya aina hii ndicho kitakachokuokoa kuliko vyote.

Kabla ya kuwasha, betri nzima iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Injini ikiwa inanguruma na imepandishwa hadi mizunguko kama 3,000, kwenye betri usomaji uwe kati ya volti 13.5 na 14.5. Washa taa kubwa na breki, upime tena. Ikibaki chini ya 13, pikipiki inaishi kwa kula betri yake na itakuacha njiani. Ikipita 15, regyuleta, kifaa kinachodhibiti chaji, imeharibika na itaichemsha betri. Kwa Gold Wing ya silinda 4, usomaji wa chini unaweza kumaanisha injini kutoka kwenye fremu, kwa hiyo namba hiyo moja inaweza kubadilisha bei yote. Pima, muuzaji aone, andika.

Kisha inua siti na vifuniko vya pembeni. Wenye pikipiki za safari hawaachi kitu kilivyo: mmoja aliongeza taa, mwingine honi, mwingine redio, mwingine soketi ya simu, na kila mmoja alikata waya mahali pake. Waya nyekundu inayoingia kwenye betri bila fyuzi ni hatari ya moto. Waya zilizofungwa kwa utepe unaonata na kuchuruzika gundi zitakupa kazi ya kutafuta kosa gizani, mvua ikinyesha. Ninachukia waya za kubahatisha kuliko ninavyochukia kutu, kwa sababu kutu angalau unaiona.

Bonyeza kila swichi. Mataa yote, indiketa, honi, taa ya breki kwa mkono na kwa mguu. Kama ina ABS, taa yake ya onyo iwake swichi inapofunguliwa, kisha izime pikipiki ikianza kutembea. Isipowaka kabisa, mtu ameitoa balbu.

Hatua ya 6: Mpira na vimiminika

Sehemu kubwa ya gharama ya pikipiki iliyolala iko kwenye vitu vyeusi na vya majimaji, ambavyo kwenye picha huonekana vizima.

Anza na tairi. Ubavuni kuna namba nne baada ya herufi za DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi ilitengenezwa kabla ya 2000, na hupaswi kuipanda hata kwa majaribio. Miiba iliyojaa isikudanganye. Tairi lenye miaka 10 ni gumu kwenye maji hata kama linaonekana jipya. Mimi likipita miaka 6 nalihesabu kama la kubadilisha.

Tazama kioo kidogo cha masta ya breki, yaani pampu yenye kikopo cha mafuta, kwenye usukani. Mafuta ya breki yaliyo hai yana rangi ya manjano hafifu. Yakiwa na rangi ya kahawa nyeusi, yamekaa miaka yakinyonya unyevu, na kutu imeshaanza ndani ya masta na kalipa (kifaa kinachobana diski). Inua gurudumu, lizungushe, bana breki, achia, lizungushe tena. Likigoma kuzunguka, ama pistoni za kalipa zimenata, ama hosi za breki zimevimba kwa ndani: zinapitisha shinikizo kwenda na kulizuia kurudi. Kwenye pikipiki yenye diski tatu na breki zilizounganishwa mbele na nyuma, kufufua mfumo mzima si kazi ya dakika.

Pitisha kidole kwenye bomba za foku, miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, juu kidogo ya sili. Ukitoka na oili, sili zinavuja. Ukihisi vishimo vya kutu kwenye kromu, sili mpya nazo zitakatwa.

Tangi: chungulia kwa tochi, na unuse. Petroli iliyozeeka hunuka kama rangi ya nyumba. Kwenye Gold Wing, tangi halisi liko chini ya siti. Lile unaloliona mbele ni kava tu, kwa hiyo usimwachie muuzaji akuonyeshe jinsi "tangi" lilivyo bila mkwaruzo. Kama petroli imegeuka gundi, hesabu kabureta zote, pampu na mipira inayoziunganisha na injini. Kabureta nne zilizofungwa kama seti moja chini ya mlima wa plastiki ni kazi ya fundi mvumilivu.

Hatua ya 7: Fremu, beringi na magurudumu

Gurudumu la mbele likiwa juu, geuza usukani polepole kutoka upande hadi upande. Ukikwama kidogo katikati, kama unaoangukia kwenye kishimo, beringi za kichwa zimekwisha. Shika foku chini uzivute mbele na nyuma, zisicheze. Shika gurudumu la nyuma juu na chini ulitikise. Kama ina shafti, chunguza uvujaji kwenye gia ya gurudumu na uliza oili yake ilibadilishwa lini. Kama ina cheni, ivute nyuma ya sproketi: ikiachana sana na meno, au meno yamepinda kama kulabu, andika seti nzima.

Namba ya chesisi kwenye kichwa cha fremu ilingane na hati herufi kwa herufi. Ukiona chuma kimepigwa msasa karibu nayo, au namba hazikukaa kwenye mstari, aga na uondoke bila maelezo. Hapo hakuna punguzo la bei linalotosha.

Hatua ya 8: Makava ya plastiki

Watu hucheka plastiki iliyopasuka na kusema ni urembo. Kwenye pikipiki ya safari plastiki ni sehemu ya mashine: ndiyo inayokukinga na upepo saa sita mfululizo, ndiyo inayoshika taa, redio na mita. Pia ndiyo spea iliyo ngumu kupatikana, kwa kuwa viwanda huacha kuitengeneza mapema kuliko gasketi na beringi. Chunguza vishikizo vya ndani vinavyopokea skrubu. Vikiwa vimevunjika vyote upande mmoja, pikipiki iliwahi kulala upande huo. Fungua na ufunge kila sanduku. Bawaba mbovu leo ni nguo zilizolowa kesho.

Hatua ya 9: Iendeshe, ukiruhusiwa

Kabla ya breki na tairi kukuridhisha, usiiendeshe. Zikikuridhisha, nenda mwendo wa kutosha kuifikisha kwenye gia ya juu. Ukiwa gia ya juu na mwendo wa wastani, fungua mafuta kwa nguvu: mizunguko ikipanda kuliko mwendo, klachi inateleza. Ipe mafuta kwenye gia ya pili na uachie mara kadhaa. Ikiruka na kutoka kwenye gia, boksi lifunguliwe. Legeza mikono kidogo kwenye usukani wakati wa kupunguza mwendo, bila kuuachia, uone kama unatetemeka. Bana breki ya mbele kwa upole ukitoka kwenye mwendo: mdundo unaorudi kidoleni ni diski iliyopinda.

Asipokuruhusu kuiendesha, mwombe akubebe nyuma. Asipokubali hata hilo, basi bei iwe ya pikipiki mbovu, maana unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Hatua ya 10: Piga hesabu ukiwa mbali nayo

Ondoka. Kaa mahali pengine na karatasi yako. Tafuta bei ya modeli ileile, mwaka uleule, iliyo nzima, inayotembea, yenye kumbukumbu za matengenezo. Iite 100. Mengine yote yapime kwa kipimo hicho.

Tuseme hii yako inauzwa 30. Tairi mbili 10, betri 4, breki 8, mikanda ya taimingi na maji 7, sili za foku 5, kabureta 12. Jumla ya matengenezo ni 46, na ukiongeza bei ya kununulia unafika 76. Bado unaona faida. Sasa ongeza theluthi ya matengenezo kwa ajili ya usiyoyaona, kwa sababu kwenye mashine ya umri huu kila kinachofunguliwa kina jirani yake mbovu. Theluthi ya 46 ni kama 15. Umefika 91. Kilichobaki ni 9, na kwa hiyo 9 utakuwa umetoa wikendi zako nyingi ili upate pikipiki ambayo mwenzako ameinunua jana na leo yuko njiani.

Hesabu ikikupa zaidi ya 80 na hupendi kazi ya gereji, iache. Ikipita 100, iache hata kama unaipenda, isipokuwa unaitaka kwa ajili ya kazi yenyewe na una hela ya kutoisikitikia. Ikibaki chini ya 70 na ugonjwa mkubwa wa modeli umethibitika haupo, chukua. Kati ya 70 na 80 ndipo pa kubishana bei, na silaha yako ni karatasi: "Chaji inasoma volti 12.4, tairi ni la 2009, sili ya kushoto inavuja." Muuzaji anaweza kubishana na maoni yako, na namba za mita hana la kubishana.

Kuna hesabu nyingine inayosahaulika. Uliza bei ya bima na ushuru wa injini kubwa, uliza kama kuna fundi anayekubali kuigusa, na uliza spea zinafika kwa muda gani. Mafundi wengi hukataa pikipiki zenye umri mkubwa kwa sababu saa zinazopotea kwenye skrubu zilizonata hazilipwi na mtu. Ukikosa fundi na huwezi mwenyewe, jibu umeshalipata.

Ukiichukua

Usiende nayo mbali siku ya kwanza, hata kama imejisimamia vizuri. Badilisha oili zote, pamoja na ya gia ya nyuma, mafuta ya breki na ya klachi, maji ya rejeta, vichujio na mikanda kama ipo, hata muuzaji akiapa kwamba alivibadilisha. Vua makava na uzikague waya zile ulizoziona. Andika tarehe na kilometa kwenye daftari. Siku ukiiuza, daftari hilo litakuwa na thamani.

Tembea nayo mizunguko mifupi ambayo ikikuacha unaweza kurudi nyumbani bila taabu. Baada ya kilometa mia chache kaza tena nati ulizozigusa na upime chaji upya. Kila ikilala usiku, asubuhi tandika kipande cha boksi chini yake au umulike sakafu kwa tochi. Tone jeusi au la kahawia ni oili, na likiwa dogo linaweza kusubiri. La rangi ya kung'aa na linaloteleza kidogo ni maji ya rejeta, tafuta klipu iliyolegea. Lisilo na rangi na lenye harufu kali ni petroli: funga koki, toa plagi zote, kisha ndipo uzungushe injini kwa mkono uone kama kuna inayotoka kwenye matundu, na usiguse stata mpaka yakauke.